Namna ya Kunyoosha na Kusawazisha Vipande vya Mwanzi kwa Fimbo za Kuvulia



Tumekwisha kuongea mara nyingi juu ya kupanda mwanzi. Wengi wenu mumeupanda kwenye miteremko na kando ya mito ili mvua isibebe udongo, na sasa mianzi hiyo imekomaa. Basi kila tunapotembelea vijiji tunaulizwa: hii mianzi yote tuifanyie nini? Wengine wanaiuza kwa wajenzi. Wengine wanafuma vitunga na vitanda vya kuanikia samaki. Koperative moja ya kando ya ziwa Kivu iliamua kutengeneza fimbo za kuvulia kwa ndoano, za kuuzia wanaovua wakisimama kando ya maji na wenye mabwawa ya tilapia. Tuliisindikiza katika kazi hiyo. Somo hili linatoka kwa yale tuliyoyaona huko, na tuseme wazi tangu mwanzo: mwezi wa kwanza tuliwafundisha vibaya.

Fimbo za kwanza zilipendeza macho. Zilikuwa nyembamba, laini, zimepakwa verni, na uzi mwekundu umezungushwa vizuri. Ziliuzwa zote siku moja ya soko. Juma lililofuata zikaanza kurudi. Mama anayetunza kasha la koperative alizipanga chini mbele yetu, nusu na nusu, akasema: “Muangalie wenyewe. Zote zinavunjika fasi moja.” Alisema kweli. Hakuna hata moja iliyovunjika katikati ya pingili. Zote zilikatikia kwenye kifundo.

Wanunuzi walipashwa kurudishiwa franga zao, na kole, uzi na verni vilikuwa vimekwisha kununuliwa kwa michango ya wanachama. Mama yule hakupandisha sauti. Lakini tulijua kama fimbo za mara ya pili zikirudi namna ile, hakuna mwanachama atakayetoa mchango tena, na kazi itakufa. Kwa hiyo tuliketi chini, tukapasua fimbo zilizovunjika, tukatafuta kosa liko wapi.

Kosa lilikuwa kwenye rabo. Sisi tuliwaambia: kifundo kikitokeza, kipitishe rabo mpaka kiwe sawasawa na pande zingine. Ilionekana ni akili. Kumbe ndiyo iliyoua fimbo.

Kwa nini kifundo hakikatwi

Chukueni kipande cha mwanzi mkavu, mukiangalie kwa ncha pale kilipokatwa. Mutaona vidoa vidogo vyeusi-vyeusi. Karibu na ganda la nje vidoa hivyo vimebanana sana. Kadiri munavyoingia ndani vinatawanyika, na kati yao kuna nyama laini. Kila kidoa ni ncha ya uzi. Nyuzi hizo ndizo nguvu ya mwanzi. Nyama ya ndani inazishikanisha tu, yenyewe haina nguvu kubwa.

Maana yake ni hii: nguvu yote ya fimbo iko kwenye milimetre chache za nje. Mutu akikwangua nje, anaondoa nguvu. Akikwangua ndani, anaondoa uzito.

Sasa kwenye pingili, yaani sehemu iliyo kati ya vifundo viwili, nyuzi zinakwenda moja kwa moja sawa kamba iliyovutwa. Zikifika kwenye kifundo zinavurugika: nyingine zinainuka kuelekea nje, nyingine zinageuka kando, nyingine zinaingia katika kile kikuta cha ndani kinachoziba shimo la mwanzi. Ule mwinuko munaouona nje ni nyuzi zilizopanda kama njia inayopanda kilima na kushuka upande wa pili. Ukipitisha rabo juu ya kilima hicho, unakata nyuzi zote zilizokuwa zinapita pale. Kwa macho kipande ni sawasawa. Kwa nguvu, ni kamba ambayo mutu ameikata nusu kwa wembe, kisha akaipaka verni.

Kwa hiyo kazi ya kusawazisha kifundo haiko ya kukata. Ni ya kukilainisha kwa moto, kukisukuma chini pamoja na nyuzi zake zote, na kukishika pale mpaka kipoe.

Jambo hili si geni duniani. Marekani, katika muji wa Easton, jimbo la Pennsylvania, fundi wa bunduki aliyeitwa Samuel Phillippe alitengeneza fimbo za kuvulia za vipande vya mwanzi vilivyobandikwa katika miaka ya 1840. Waliomfuata walifikia fimbo ya vipande sita, na wakachagua mwanzi unaoitwa Tonkin, unaotoka jimbo la Guangdong kule China, kwa sababu pingili zake ni ndefu na nyuzi zake zimebanana. Na hata na mwanzi huo mzuri, fundi wa kule anayetumia mikono yake anapoteza masaa mengi kwenye vifundo. Tunawaambia hivi kusudi musifikiri shida inatoka kwa mwanzi wetu.

Wetu kweli una vifundo vingi. Ule mwanzi mnene wa vijijini, wa kijani au wa manjano yenye mistari, una pingili za santimetre 20 mpaka 45 hivi. Kipande cha metre mbili kitakuwa na vifundo vitano, sita, hata zaidi. Fimbo ya vipande viwili ina vifundo kumi na kitu, na kila kimoja kinataka kutengenezwa. Ndiyo kazi yenyewe.

Vipande viwili, siyo sita

Kuna mutu atauliza: kwa nini tusichukue mwanzi mwembamba, tukaufunga ndoano, basi? Kwa mutoto anayevua samaki wadogo ni vizuri kabisa, na hatuna la kusema. Lakini mianzi mirefu, myembamba na iliyonyooka inapatikana kwa wingi kule juu mulimani, na sehemu kubwa ya hiyo iko ndani ya mbuga kama Kahuzi-Biega. Huko hairuhusiwi kukata. Machipukizi yake ni chakula cha sokwe wakubwa majira yanapofika, na walinzi wakikushika na mzigo, hasara yako itapita bei ya fimbo zote. Mwanzi mnene wa kijiji ni wenu, uko karibu, na shina moja linatoa vipande vingi.

Fimbo tunayofundisha ni ya vipande viwili vinavyobandikwa mgongo kwa mgongo: nyama ya ndani inagusana na nyama ya ndani, na ganda linabaki nje pande zote mbili. Ile ya sita ya Wamarekani inataka mashini au chuma cha kipimo cha kukatia pembe, na kwa koperative inayoanza hatuoni faida yake. Ya vipande viwili haitaki pembe. Inataka kitu kimoja tu: kila kipande kiwe kimenyooka na kimelala sawasawa, kwa sababu pakibaki nafasi kati yao, kole haishiki, na maji ya ziwa yataingia humo.

Kabla ya moto

Mukate shina lenye miaka mitatu au zaidi, wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita. Shina changa lina maji na sukari nyingi, linanyauka likikauka, na wadudu wanaotoboa mwanzi wanalipenda. Kuliloweka ndani ya maji majuma kadhaa kunapunguza hiyo sukari. Kisha likauke kivulini, limesimamishwa, miezi miwili au mitatu. Hatutarudia mambo hayo hapa.

Kupasua kunataka uvumilivu kidogo. Mupasue kila mara katikati: nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka upana wa kidole gumba. Ukianza kwa kutoa kipande kimoja chembamba pembeni, mpasuko utakimbia na kipande kitaishia hewani. Hata ukipasua katikati, wakati mwingine mpasuko unahama upande mmoja. Hapo usilazimishe panga. Shika ule upande uliobaki mnene, uupinde zaidi kuliko mwingine, na mpasuko utarudi wenyewe katikati. Vijana wa koperative ile walicheka tulipowaonyesha, halafu wakakaa siku nzima kuchezea jambo hilo. Muvae kitambaa kinene mikononi. Ukingo wa mwanzi mbichi au mkavu unakata kama wembe.

Mukishapata vipande, kila kimoja kiinuliwe mbele ya jicho kama mutu anayelenga bunduki. Hapo kuna makosa ya aina tatu, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni nundu: ganda linainuka kwenye kifundo, ukikilaza kipande kwenye meza kinayumba. La pili ni kigoti: kipande kinakwenda kulia, kinafika kwenye kifundo, kinageuka kushoto. Mara nyingi kigoti hakiko kwenye kifundo chenyewe, kiko kidogo kabla yake na kidogo baada yake, kwa hiyo ni vigoti viwili vinavyofuatana. La tatu ni upinde mrefu kwenye pingili. Mutie alama kwa kalamu: N kwa nundu, K kwa kigoti, U kwa upinde. Musitegemee kukumbuka. Vipande ishirini vikiwa kwenye benchi, vyote vinafanana.

Sasa kwa upande wa ndani. Kile kikuta kiondolewe chote kwa kisu au patasi, na nyama ya ndani ipunguzwe mpaka kipande kiwe na unene karibu sawa tangu mwanzo mpaka mwisho. Hapa rabo inaruhusiwa bila woga. Na nyuma ya kila nundu, upande wa ndani, muchimbe kibonde kidogo kwa tupa ya mviringo, ile fundi wengi wanaita lime: urefu wa santimetre mbili au tatu, kina kisichozidi ule mwinuko wa nje. Hiki kibonde ndicho watu wanachosahau. Nundu ikisukumwa chini lazima ipate fasi ya kwenda. Isipopata, nyuzi zinajibana zenyewe kwa zenyewe na kupondeka, na mutu hajui, kwa sababu kuponda huko kunafichika ndani.

Kwa nje, muguse kitu kimoja tu: ule mdomo mwembamba, kovu la jani la zamani, unaozunguka kifundo. Huo ni kama ukucha, hauna nyuzi za nguvu. Tupa ipite juu yake mara chache mpaka uishe. Ukianza kuona mistari ya nyuzi, umechelewa kuacha.

Moto

Tulipokuwa tunatafuta namna ya kupasha joto, tulileta lampe ya alkoli, kama tulivyosoma. Alkoli ilikwisha siku ya pili, na kununua nyingine ilikuwa gharama. Hapo mzee mmoja, ambaye alikuwa anakuja kukaa tu karibu na atelye na kutuangalia, akatuuliza kama huko masomoni hatukuona namna watu wananyoosha mpini wa jembe. Yeye alikuwa amenyoosha mipini na fimbo za kutembelea tangu ujana wake: anaufunga mti kwa jani la mgomba lililolowa, anaulaza juu ya makaa, anausikiliza, kisha anaupinda kati ya mawe mawili. Tulimwomba ajaribu na kipande cha mwanzi. Kifundo cha kwanza alikiunguza. Cha pili kilikwenda sawa. Tangu siku ile lampe imelala ndani ya kartoni, na yale tunayowaeleza hapa chini ni nusu ya shule na nusu ya mzee.

Ndani ya mwanzi kuna kitu kinachoitwa lignini, kinachoshikamanisha nyuzi kama kole. Kikiwa baridi ni kigumu. Kikipata joto kinalainika, na kikipoa kinashika tena umbo lile kilimokuta. Maji yanasaidia sana: mwanzi uliolowa unalainika kwenye joto linalokaribia la maji yanayochemka, lakini mkavu kabisa unataka joto kubwa zaidi, na joto hilo liko jirani sana na lile linalounguza. Ndiyo maana mulowanishe vifundo kabla. Kuvifunga kwa kitambaa chenye maji usiku kucha kunatosha. Jani la mgomba linafanya kazi ileile kwa muda wa moto wenyewe, juu linazuia mvuke usikimbie.

Tayarisheni mbabula yenye makala yaliyowaka vizuri, mekundu, bila ndimi za moto na bila moshi. Juu yake muweke kipande cha bati chenye tundu refu, upana wa vidole vitatu. Bati linafanya joto lipite pale tu munapotaka, na pingili za kulia na kushoto zinabaki salama. Kifundo kishikwe juu ya tundu, kama upana wa kiganja kutoka kwa makala. Muanze na upande wa ndani, mugeuze, murudi ndani, bila kusimama. Kipande kinachokaa kimya juu ya moto ndicho kinachoungua.

Mutatuuliza: dakika ngapi? Hatuwezi kuwapa hesabu moja, kwa sababu makala hayafanani na vipande havina unene mmoja. Kwetu mara nyingi ilikuwa kati ya nusu dakika na dakika moja. Ni bora kuangalia alama. Kwanza mvuke unatoka kwenye ncha na pembeni. Kisha ganda linaanza kung'aa kama limepakwa mafuta kidogo. Hapo ujaribu kwa vidole, pole pole: ikiwa kipande kinakurudisha, bado, ikiwa kinakubali kama ngozi ya mkanda, kiko tayari. Ukiona rangi ya kahawia, umepita. Kahawia nyepesi kidogo ya ganda si kifo, lakini pakikaribia weusi, kipande hicho hakifai tena kwa fimbo. Kiweke kwa vitunga. Tulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa anapenda ile rangi kwa sababu fimbo inaonekana ya zamani. Fimbo zake mbili zilivunjwa na mikono ya wanunuzi palepale sokoni, hata kabla ya kufika majini.

Kubana

Kipande kikitoka motoni, muna muda mfupi sana, pumzi mbili tatu. Kwa hiyo kibanio kiwe kimefunguliwa tayari, karibu na mkono. Kama muna eto ya chuma, mufunike meno yake kwa vipande vya bati laini au mbao ngumu, kwa sababu meno yataacha alama kwenye ganda na kila alama ni mwanzo wa mpasuko. Kama hamuna, mbao mbili ngumu zenye bulon mbili zinafanya kazi hiyo. Koperative ile ilitengeneza vibanio vya namna hiyo vinne, na kwa kweli vinne ni bora kuliko eto moja, maana kifundo kimoja kikipoa kingine kinaingia.

Muanze na nundu. Ganda likae upande mmoja wa kibanio, nyama ya ndani upande mwingine, na mubane mpaka ganda liwe sawa na pingili zake. Muishie hapo. Hamasa ya kuongeza nusu mzunguko ni kubwa, tunaijua, lakini nusu hiyo ndiyo inayoponda. Muache mpaka kipoe kabisa. Kugusa na kusikia uvuguvugu haitoshi; ukifungua kingali vuguvugu, nundu inarudi mbele ya macho yako.

Kisha kigoti, na hapa kuna jambo tulilojifunza kwa hasara: nundu na kigoti havifanywi kwa moto mmoja. Wengi wanajaribu, juu ya kuharakisha. Kipande kinageuka ndani ya kibanio, na mutu anapata kosa la tatu ambalo halikuwapo. Kipoe, kipashwe tena, ndipo kiwekwe upande, kwa ukingo, kigoti kikiwa katikati ya kibanio. Kigoti kinapenda kurudi, kwa hiyo musukume kidogo kupita mstari ulionyooka. Kiasi gani? Mkono wako utakuambia baada ya vipande kumi. Na kama ni vile vigoti viwili, kimoja kabla na kimoja baada ya kifundo, kila kimoja kisukumwe kwa upande wake. Ukisukuma katikati tu, utapata umbo la nyoka.

Upinde mrefu wa pingili ndio rahisi. Joto jepesi pale upinde unapoanza, kisha mikono miwili na goti, basi. Na kama upinde ni mdogo, muuache. Vipande viwili vikibandikwa pamoja vinanyooshana, na hakuna haja ya kuupasha moto mwanzi usioomba.

Kuna wenzetu wanaochemsha vipande ndani ya nusu pipa la maji badala ya kutumia makala. Hatuwapingi. Maji hayaunguzi, na kwa mutu anayeanza, au kwa watoto wa shule wanaojifunza, ni njia salama. Lakini kipande kizima kinalowa, kinataka siku nyingi kukauka, na wakati wa mvua za mwezi wa kumi na moja tuliona vipande vya namna hiyo vikiota ukungu. Kwetu sisi makala yanashinda, ila mumpe kazi hiyo mutu mwenye macho na asiyependa kuongea wakati wa kazi.

Kukauka na kujaribu

Vipande vilivyonyooshwa vifungwe kwa uzi kwenye ubao ulionyooka, ganda juu, vikae kivulini penye upepo. Baada ya siku tatu muvifungue, muinue kila kimoja tena mbele ya jicho. Vingine vitakuwa vimeinuka kidogo. Hilo si kosa lenu, ni maji yaliyotoka. Mupashe tena kile kifundo tu kilichorudi. Musibandike kipande kabla maji hayajaisha ndani yake. Kama muna mizani ndogo ya sokoni, mufunge vipande vyote pamoja mupime, kesho mupime tena. Uzito ukiacha kushuka siku mbili, viko tayari.

Wakati wa kupanga vipande viwili viwili, kifundo cha kimoja kiangukie katikati ya pingili ya mwenzake. Visikutane kamwe. Tukishafika hapo, inabaki kole, uzi na kuchonga pembeni, na hayo yatakuwa somo la namba inayofuata.

Kuna jaribio moja tunalowaomba mufanye kwanza katika kila koperative, mbele ya wote. Mutafute vipande viwili kutoka shina moja, unene mmoja. Kifundo cha kwanza mukikate kwa rabo, kama sisi tulivyowafundisha wenzenu. Cha pili mukitengeneze kwa moto na kibanio. Kisha mama mmoja na baba mmoja wavipinde kwenye goti, ganda likiwa nje, pole pole, wote wanyamaze. Kile kilichokatwa kitaanza kulia mapema: utasikia tik, tik, na ukiangalia karibu utaona nyuzi zikiinuka kwenye ganda kama manyoya. Kile cha moto kitaendelea kupinda.

Koperative ya kando ya ziwa ilifanya jaribio hilo siku ya posho moja, na mama wa kasha ndiye aliyepinda kipande cha pili. Alikipinda, akakirudisha, akakipinda tena upande uleule. Kisha akauliza kama kimebaki kole cha kutosha fimbo sita. Kilikuwapo. Fimbo hizo sita hazikupelekwa sokoni. Alizigawa kwa wale waliorudisha za kwanza, wazitumie mwezi mzima bila kulipa, na waje kumwambia. Tano zilirudi nzima. Ya sita, mwenyewe alikataa kuirudisha, akaleta franga.